Chumvi kwenye Mto Pangani: ni bwawa, mkonge au mlima?

mnazi_mkinda:

Wakuu, salaam. Vijiji vya chini vya Mto Pangani, kuanzia mjini kwenda juu, maji ya mto yanakolea chumvi wakati wa kiangazi, hasa kabla masika hayajaanza. Visima vifupi vya kando ya mto navyo vinabadilika ladha. Kwenye vikao vya kata hoja zinagongana. Kuna wanaosema ni bwawa la Nyumba ya Mungu, kuna wanaosema ni mashamba ya mkonge ya Korogwe na Hale yaliyomwaga uchafu mtoni miaka nenda rudi, na kuna wa barafu ya Kilimanjaro. Juu ya hayo, zipo habari za korona ya mkonge (kiwanda cha kutoa nyuzi kwenye majani) kuwashwa upya kwenye kijito kinachoingia mtoni, na watu wanataka kujua waulize nini kabla muhuri wa kijiji haujagongwa.

Naomba wenye ujuzi mtusaidie: nani ana mchango gani hasa, chumvi inapimwaje kwa vifaa vya kawaida, na korona inatakiwa iwe na nini ili isiue mto. Siasa tuwaachie wenyewe.

---

mkondo_wa_chini:

Anza na ramani mkuu, maana ukikosea hapo kila kitu kinaharibika. Mto una mikono miwili mikubwa. Kikuletwa unakusanya maji ya Meru na miteremko ya kusini ya Kilimanjaro. Ruvu (huu wa Kilimanjaro, si ule wa Pwani) unatoka mashariki ya mlima kupitia Ziwa Jipe, ambalo nalo hulishwa na mto Lumi upande wa Kenya. Yote miwili inaingia Nyumba ya Mungu. Chini ya bwawa mto unakatiza kinamasi cha Kirua, ukifika maeneo ya Korogwe unapokea Mkomazi na Luengera kutoka milima ya Pare na Usambara, kisha Hale, maporomoko ya Pangani, halafu bahari.

Bwawa lilijengwa miaka ya 1960. Likijaa linabeba takriban mita za ujazo bilioni 1.1, lakini mitambo yake ni megawati 8 tu. Kazi yake kubwa si umeme wake lenyewe, ni kuhifadhi maji ya masika ili vituo vya chini vipate ya kusukumia kiangazi. Hale ilianza 1964 ikiwa na megawati 21. Kituo cha zamani cha maporomoko, kilichoanza miaka ya 1930 kwa ajili ya Tanga na mashamba ya mkonge, kilifika megawati 17.5 kabla ya kuachiwa nafasi New Pangani Falls ya megawati 68 katikati ya miaka ya 1990.

Sasa hapa ndipo vikao vingi vinapopotea. Kituo cha umeme hakili maji. Yanaingia kwenye handaki, yanapiga turbaini, yanarudi mtoni. Kinachokauka ni kipande cha mto kati ya mlango wa kuingilia na pale yanapotokea. Na bwawa linalofunguliwa kiangazi linaongeza maji ya kiangazi chini yake, halipunguzi. Kwa hiyo kusema tu "bwawa limezuia maji, ndiyo maana chumvi inapanda" hakutoshi.

Bwawa lina madeni mengine. La kwanza ni mvuke. Likijaa linatandaa karibu kilomita za mraba 140, kwenye nyika kavu ambako jua hunyonya karibu mita 2 za maji kwa mwaka. Ondoa mvua haba inayonyesha juu yake, tuseme nusu mita, zinabaki mita za ujazo milioni 210 kwa mwaka, yaani karibu 6.7 kwa sekunde. New Pangani Falls ina maporomoko ya mita 170 hivi, na mita moja ya ujazo kwa sekunde ikishuka hapo hutoa karibu megawati 1.5. Maana yake jua linakunywa pale bwawani umeme wa megawati 10 mfululizo, zaidi ya zile 8 za bwawa lenyewe. Ni hesabu ya kukadiria, bwawa halijai kila mwaka, ila inakupa ukubwa wa jambo.

Deni la pili ni mafuriko. Kirua kilikuwa kinafurika kila masika, maji yanaacha samaki, malisho na udongo wenye rutuba. Mafuriko yalipofungiwa bwawani, sehemu kubwa ya kinamasi ilikauka. Wavuvi walihamia bwawani, ambako perege walizaana kwa fujo, uvuvi ukapanda sana karibu na 1970, kisha ukaporomoka. Mabwawa mapya mengi hufanya hivyo, mimea iliyozama ikishaoza chakula kinakwisha.

La tatu ni mchanga, na hili ndilo linalowagusa watu wa mlangoni. Mto usio na mafuriko makubwa hauna nguvu ya kusukuma mchanga, na mwingi hutuama bwawani. Mlango wa mto usipopata mchanga, bahari hula ukingo. Kuna wanaoongeza hapo habari ya kisiwa cha Maziwe kilichopoteza miti yake miaka ya 1970 na sasa huzama maji yakijaa. Mimi hilo silibebeshi bwawa peke yake, mivinje ya kule ilikatwa.

---

singa_ndefu:

Nichukue upande wa mkonge.

Mkonge na mto huu ni ndugu wa tangu mwanzo. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alipata miche 62 iliyobaki hai kati ya elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida, ikapandwa Kikogwe, hapo hapo Pangani. Mwaka huo huo reli ya Tanga ikaanza kujengwa, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911, sehemu kubwa ikiambatana na bonde la mto. Mashamba yakafuata reli na maji. Kilele kilikuwa 1964, Tanganyika nzima ilipotoa takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Halafu zikaja nyuzi za plastiki, utaifishaji wa 1967, bei ikaanguka, na kufika miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi ulikuwa chini ya tani 40,000.

Angalieni mpangilio wa miaka. Uchafu wa mkonge ulikuwa mkubwa kupita wakati wote miaka ya 1950 na 1960, ukapungua kadiri mashamba yalivyokufa. Chumvi mnayolalamikia imezidi baada ya hapo. Tena maji ya korona ni makali, si ya chumvi. Yanaua samaki, hayageuzi kisima kuwa bahari. Mkonge una kesi yake, ila si hii.

Kesi yake ni hii. Jani la mkonge lina singa karibu asilimia 4 tu ya uzito. Ukitaka tani 1 ya singa unaingiza tani 25 za majani, na tani 24 zinatoka kama makapi na maji ya jani. Korona ya maji huongeza takriban mita za ujazo 100 za maji kwa kila tani ya singa, kwa sababu ngoma yenye visu butu inaponda jani huku maji yakiosha nyama ya kijani itoke kwenye nyuzi. Majani hayawezi kusubiri, yakipita kama siku mbili toka kukatwa yanaanza kukauka na singa haisafishiki vizuri, ndiyo maana korona hujengwa shambani, kando ya kijito. Kwa korona ndogo ya tani 5 kwa siku, hesabu yake ni majani tani 125, maji mita za ujazo 500, makapi tani 120. Kila siku.

Maji hayo yana rangi ya kijani iliyochafuka, harufu ya uchachu, na sukari nyingi. Vijidudu vya mtoni vinaivamia sukari na kumaliza hewa iliyomo majini. Pia yana saponini, ile inayotoa povu kama sabuni, ambayo ni sumu kwa samaki. Dalili yake kijitoni ni rahisi kuijua: alfajiri perege wanapanda juu kuhema, kisha wanaelea, huku kambale bado wanacheza, kwa kuwa kambale anaweza kuvuta hewa ya juu. Ukiona wote wamekufa pamoja, kambale kwa perege, shuku sumu nyingine.

Viwango vya Tanzania vya majitaka yanayoingia mtoni ni BOD (hewa ambayo vijidudu hutumia kula uchafu) miligramu 30 kwa lita, COD (hewa inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali) 60, chembe zinazoelea 100, na pH (kipimo cha uchachu, ikishuka maji yanachacha zaidi) kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya korona yasiyotibiwa yana BOD ya maelfu na pH ya chini kama ndimu iliyochujuliwa. Hakuna kijito cha kiangazi kinachoweza kuyameza.

Kwa hiyo korona ikija, ulizeni wapi makapi yanachujwa kabla maji hayajaondoka, na kwa kitu gani. Panatakiwa chujio la chuma lililolala kwa mteremko, linalosafishwa kila zamu, kwa sababu nyuzi fupi zikipita zinajisokota kwenye bomba na pampu, bomba linaziba usiku, na maji yanatafuta njia yake mwenyewe kwenda kijitoni. Ajali nyingi huanzia hapo, wala si kwenye bwawa la majitaka.

Baada ya chujio yafuate mabwawa. La kwanza ni la kina, mita 3 hadi 4, lisilohitaji hewa. Kwa mita za ujazo 500 kwa siku, ukitaka maji yakae siku 20, unahitaji mita za ujazo 10,000, yaani eneo la kama mita za mraba 2,900 likiwa na kina cha mita 3.5. Yanayofuata yawe mapana na ya kina cha kama mita 1.5, jua na mwani vifanye kazi. Mkionyeshwa mchoro wenye shimo moja la ukubwa wa uwanja wa netiboli, huo si mfumo, ni kituo cha kupumzikia kabla ya mtoni.

Kosa la pili la kawaida ni kuwasha mfumo kwa pupa. Bakteria wanaotoa gesi hawapendi uchachu, pH ikishuka chini ya 6.5 wanazubaa, asidi inarundikana, bwawa linanuka na halitibu kitu. Bwawa jipya hupandwa kinyesi cha ng'ombe, linalishwa maji ya korona kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na chokaa iwe karibu.

Makapi magumu nayo yasirundikwe ukingoni. Mvua ya kwanza ya vuli ikipiga rundo la miezi mitatu, uchachu wote unashuka mtoni kwa siku moja. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo, mshikilie hapo. Makapi yana kazi: Hale palijengwa mtambo wa bayogesi wa makapi ya mkonge wenye mashine ya umeme ya kilowati 150, na mabaki yake ni mbolea. Mwekezaji akisema makapi hayana matumizi, mwambieni aende Hale akaangalie.

---

mfongo_wa_juu:

mkondo_wa_chini ameeleza bwawa vizuri lakini amewaacha watu wa juu bila kuguswa. Kinachoamua maji ya kiangazi huko Pangani, ambayo ndiyo yanaizuia bahari isipande mtoni, ni kiasi kinachoingia bwawani, na hicho kimepunguzwa Moshi na Arusha.

Wachagga walichimba mifongo karne nyingi kabla ya Wazungu, mamia kwa mamia, ikikinga maji mtoni juu na kuyatembeza migombani. Mfongo wa udongo hupoteza maji mengi njiani kabla hayajafika shambani. Sehemu ya yanayozama hurudi kwenye chemchemi za chini, kwa hiyo si hasara yote, lakini idadi ya watu ilipopanda, maji yaliyokuwa yanarudi yanakamatwa tena chini zaidi. Tambarare ya Arusha Chini kuna kampuni ya sukari ya TPC tangu miaka ya 1930, na miwa yake ya umwagiliaji iko karibu hekta 8,000. Mradi wa mpunga wa Lower Moshi ulikamilika 1987 ukiwa na hekta 1,100 zilizopangwa kwa maji ya mito ya Rau na Njoro. Ulifanikiwa mno: wakulima wa juu ya mitaro waliona mpunga unalipa, wakafungua mashamba yao nje ya mpango, na sehemu ya mradi wenyewe ikabaki bila maji. Mpunga hunywa kama lita 1 hadi 2 kwa sekunde kwa kila hekta, kwa hiyo kila hekta 1,000 mpya ni mita za ujazo 1 hadi 2 kwa sekunde zilizotoka mtoni. Linganisheni na mvuke wa bwawa aliouhesabu mwenzangu.

Ndiyo maana ofisi ya maji ya bonde iliundwa mwaka 1991, ya kwanza nchini, makao Moshi. Ugomvi wa turbaini na mitaro ulikuwa umeshaiva.

Kuhusu barafu, tuiache tu. Mchango wake kwenye mito ni mdogo sana. Maji ya Kilimanjaro ni ya mvua na ukungu unaonaswa na msitu, yanazama ardhini na kutokea chini kama chemchemi. Moto unaoteketeza msitu wa juu unaumiza mto kuliko barafu inayopungua. Picha ya barafu inauzika kwenye kalenda, msitu ulioungua hauna mnunuzi.

Na mkipima, msichanganye chumvi ya bahari na madini ya mlima. Maji ya upande wa Meru yana floraidi nyingi kiasili, hasa chemchemi za miteremko yake na mito inayoelekea Kikuletwa. Hiyo haina ladha ya chumvi lakini huharibu meno na mifupa ya watoto. Kiwango salama cha kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Ongezea majitaka ya miji: Themi unapita Arusha, Karanga na Njoro zinapita Moshi, na yote yanamalizikia bwawa lile lile linalolisha sasa mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe.

---

mnazi_mkinda:

Nimewapata wakuu, shukrani sana. Kwa hiyo chumvi ni bahari inayopanda kwa kuwa mto hauna nguvu ya kuirudisha, si kitu kilichomwagwa. Sasa tupimeje ili tusiende kikaoni na ladha ya ulimi?

---

bamvua:

Nunueni mita ya EC, ile ya mkononi inayopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Hakikisha inafika angalau mikrosimensi 20,000, maana nyingi za bei nafuu zinakomea kwenye 10,000. Nunua na maji ya kusahihishia ya 1,413 na 12,880, usahihishe kila asubuhi ya kazi. Mita isiyorekebisha joto yenyewe itapotoka karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi, na jua la mchana litakudanganya.

Namba za kukumbuka: maji ya mto yasiyoguswa na bahari ni mia kadhaa. Mpunga huanza kupungua mavuno maji ya kumwagilia yakizidi 2,000, na kwenye 4,800 hivi unapoteza nusu. Miche na wakati wa kutoa maua ndiyo hatari zaidi. Bahari yenyewe ni kama 50,000. Mnazi unavumilia kuliko mpunga, hivyo mnazi ukianza kuonyesha jambo, mpunga umeshakwisha zamani.

Kosa kubwa ni kuchota juu tu. Maji ya bahari ni mazito, yanaingia kwa chini kama kabari huku maji baridi yakiteleza juu yake. Juu utasoma 600, mita mbili chini 15,000, na pampu ya shamba yenye bomba la kuzamia inanyonya ya chini. Tengeneza kichotio: chupa ya nusu lita, ifungie jiwe la kilo moja, kamba ya kushushia yenye fundo kila nusu mita, na uzi wa pili kwenye kizibo. Shusha mpaka kina unachotaka, vuta uzi kizibo kitoke, subiri mapovu yaishe, pandisha. Pima juu, katikati na nusu mita kutoka chini.

Saa nayo ina maana. Bamvua (maji makuu ya mwezi) pwani yetu hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, siku moja au mbili baada ya mwezi mpya na mwezi mpevu, na tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 3 au zaidi. Pima maji yanapojaa na yanapokupwa, siku ile ile, mahali pale pale. Kisha rudia wakati wa maji mafu (siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo), kwa sababu mkondo ukitulia kabari haichanganyiki na inaweza kupenya mbali zaidi kwa chini. Fanyeni hivyo kwenye vituo vitano au sita kupanda mto, mpaka mfike penye namba sawa juu na chini. Hapo ndipo bahari inapokomea siku hiyo. Tumieni mtumbwi, msiingie majini kwa miguu, mto una mamba na viboko.

Kiasi cha maji kinapimwa juu ya hapo, pasipofikiwa na maji kujaa, la sivyo mkondo utageuka ukiwa unapima. Tafuta kipande kilichonyooka cha mita 30. Pima kina kila mita 5 kutoka ukingo hadi ukingo. Rusha chungwa katikati, saa mkononi, mara tatu au zaidi. Kasi ya juu zidisha kwa 0.85, kisha zidisha kwa eneo la mkato. Mto wa upana mita 40, kina cha wastani 1.5, kasi ya juu 0.5 kwa sekunde, unakupa karibu mita za ujazo 25 kwa sekunde. Rudieni asubuhi na jioni, kwa sababu kituo cha umeme chenye kibwawa cha kuhifadhi saa chache hubana maji mchana na kuyaachia umeme unapohitajika zaidi. Mkipima saa moja tu ya siku mtaandika ratiba ya turbaini mkidhani ni hali ya mto.

---

singa_ndefu:

Nyongeza kuhusu karatasi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 korona inahitaji vibali viwili tofauti vya Bodi ya Maji ya Bonde: cha kuchota na cha kumwaga majitaka. Mara nyingi huonyeshwa kimoja na watu wakapiga makofi. Angalieni kiasi kilichoandikwa kwenye cha kuchota, mgawanye kwa mita za ujazo 100, mtapata tani za singa zinazowezekana kwa siku. Kama mwekezaji anatangaza tani 10 na kibali kinatosha tani 4, muulizeni hizo nyingine ataziosha na nini. Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kinapitia mamlaka ya taifa ya mazingira, na kiambatanisho chake cha mpango wa usimamizi ndicho kinachotaja mabwawa ya majitaka kwa vipimo. Ombeni nakala ya hicho kiambatanisho, cheti chenyewe hakina vipimo.

---

mfongo_wa_juu:

Na pimeni EC, pH na samaki wa kile kijito kabla korona haijawashwa, kiangazi na masika. Bila namba za kabla, kila mtakachokilalamikia baadaye mtaambiwa kilikuwepo.